Pete Tano na Mwenge: Alama za Olimpiki Zilitoka Wapi?

Kila Michezo ya Olimpiki inapokaribia, huwa tunaulizana pete nyeusi ina maana gani. Jibu tulilozoea ni kwamba nyeusi ni Afrika, buluu ni Ulaya, njano ni Asia, kijani ni Australia na visiwa vya Pasifiki, na nyekundu ni Amerika. Jibu hilo ni rahisi kukumbuka, lakini silo alilotoa aliyezibuni pete hizo.

Pete zilichorwa mwaka 1913 na Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeanzisha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1894. Alieleza kwamba pete tano zilizoshikana ni sehemu tano za dunia zilizoungana katika michezo. Rangi hakuzigawia mabara. Alichagua rangi sita, pamoja na nyeupe ya kitambaa, kwa kuwa ndizo zilizopatikana katika bendera za mataifa yote ya wakati ule. Maelezo ya rangi moja kwa bara moja yalikuja baadaye, yakaingia hata katika kitabu rasmi cha Kamati, kisha yakaondolewa mwaka 1951.

Hapo ndipo historia hii inapotugusa. Mwaka 1913 Kenya na Uganda zilikuwa chini ya Waingereza, na Tanganyika chini ya Wajerumani. Katika hizo bendera za mataifa yote, yetu haikuwemo. Bendera ya pete ilipepea kwenye Michezo kwa mara ya kwanza Antwerp, mwaka 1920. Kenya na Uganda zilishiriki kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1956, zikiwa bado zinatawaliwa. Tanganyika ilishiriki Tokyo mwaka 1964, na hukohuko Wilson Kiprugut akaipatia Kenya medali yake ya kwanza, ya shaba, katika mita 800.

Mwenge nao si wa kale kama wengi wanavyodhani. Moto wa Michezo ya kisasa uliwashwa kwanza Amsterdam mwaka 1928. Mbio za kuupokezana mwenge kutoka Olympia, Ugiriki, zilianza mwaka 1936. Carl Diem alizipanga kwa ajili ya Michezo ya Berlin, na utawala wa Hitler ukazitumia kujitangaza. Aprili 2008 mwenge ulipita Dar es Salaam, kituo pekee barani Afrika, ukielekea Beijing. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walioalikwa kuubeba, akajitoa kwa sababu ya haki za binadamu.

Kwa hiyo maana ya alama hizi imekuwa ikibadilika mikononi mwa wanaozibeba. Pete nyeusi hatukupewa na Coubertin. Tukiiita ya Afrika leo, tuseme pia kwamba ni akina Kiprugut walioifanya iwe yetu.