Kumtunza mzee kiziwi nyumbani: mwongozo kwa akina mama na walezi wa Dodoma na kanda ya kati

Mzee amekula, ameoga, nguo zake ni safi. Lakini ni lini mara ya mwisho mtu alikaa naye wakazungumza? Katika familia nyingi mzee kiziwi hapungukiwi chakula, hupungukiwa mazungumzo. Hujua kuna msiba pale anapoona watu wanakusanyika uani. Huumwa kwa wiki nzima kabla mtu hajaelewa anaumwa wapi. Makala hii inaeleza namna ya kumtunza mzee wa aina hii, hasa namna ya kuhakikisha habaki peke yake katikati ya watu.

Wazee viziwi ni wa aina mbili

Waliozaliwa viziwi au waliopoteza usikivu utotoni. Mara nyingi chanzo huwa homa ya uti wa mgongo, surua, au masikio yaliyotoka usaha bila kutibiwa. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Kwa hiyo wengi waliokuwa watoto vijijini wakati huo hawakusoma shule yoyote, wala hawakujifunza Lugha ya Alama ya Tanzania. Wanatumia alama za nyumbani, zilizobuniwa na wao na ndugu zao.

Waliopoteza usikivu uzeeni. Hawa wanaongea vizuri, ila hawasikii. Usikivu wa uzee hupungua polepole, masikio yote mawili, na sauti nyembamba hutangulia kupotea. Ndiyo maana babu anaweza kumsikia mwanaume mwenye sauti nzito na asimsikie mjukuu. Hadharau, hasikii. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri unaozidi miaka 60 ana upungufu mkubwa wa usikivu.

Alama zake zisijulikane na mtu mmoja tu

Mzee anayetumia alama za nyumbani mara nyingi huelewana na mtu mmoja: dada yake, mke wake, au binti aliyebaki nyumbani. Mtu huyo akifariki au akihama, mzee hupoteza lugha yake yote kwa siku moja. Hata mkalimani kutoka mjini anaweza asimwelewe, kwa sababu alama zake si zile zinazofundishwa shuleni.

Anza mapema:
- Kaa na anayemwelewa zaidi, muorodheshe alama zake: maji, chakula, choo, maumivu, baridi, jina la kila mtu nyumbani.
- Wafundishe watoto. Wao hushika alama haraka kuliko watu wazima.
- Mrekodi mzee kwa simu akionyesha alama zake, na video hizo wawe nazo ndugu wawili au watatu.
- Habari kubwa za familia, kama ugonjwa, kifo, posa au kuuza shamba, aelezwe siku hiyo hiyo. Mzee asiwekwe dole gumba kwenye karatasi ambayo hajaelewa.

Namna ya kuzungumza naye

- Usianze nyuma yake. Mguse bega taratibu au jitokeze mbele yake.
- Mwanga uangukie uso wako na mikono yako. Usisimame mlangoni jua likiwa mgongoni mwako.
- Usipige kelele. Kelele huharibu umbo la midomo na hufanana na ugomvi. Sema kwa sauti ya kawaida, polepole kidogo.
- Asipoelewa, badilisha maneno au onyesha kitu chenyewe.
- Usimwambie "achana nayo, si muhimu." Kwake hiyo ni sawa na kufungiwa mlango.

Nyumba anayoishi

Nyumba ya tembe ni ya baridi nzuri wakati wa joto, lakini ndani ina giza. Kwa mzee kiziwi, giza ni sawa na ukimya. Mweke karibu na mlango au dirisha mchana, na usiku awe na taa ya sola au tochi karibu na kitanda. Kitanda kikielekea mlango, ataona anayeingia na hatashtuka.

Kubalianeni alama ya hatari, kama kuwasha na kuzima tochi mara tatu: maana yake toka nje. Usimwache na jiko la mkaa ndani. Barabarani hasikii honi ya bodaboda wala ya lori, basi atembee na mtu au avae nguo ya rangi inayoonekana.

Afya: mambo ya kuangalia

Mzee anayejitenga, anayejibu mambo tofauti na aliyoulizwa, au anayekasirika haraka, huitwa "amechanganyikiwa." Mpime masikio kwanza. Wakati mwingine ni nta iliyoziba, na huondolewa kituoni kwa dakika chache. Usilipuuze jambo hili, kwani upungufu wa usikivu usioshughulikiwa unahusishwa na kusahau kupita kiasi uzeeni.

Usimwekee sikioni mafuta ya taa, maji ya majani wala njiti.

Mpeleke hospitali haraka, siku hiyo hiyo, ikiwa:
- usikivu umepotea ghafla, hata sikio moja;
- sikio linatoa usaha au damu;
- ana kizunguzungu kikali, au uso umepinda upande mmoja.

Baadhi ya sindano, kama gentamaisini, na dawa kama kwinini zinaweza kudhuru masikio. Mweleze daktari kabla kwamba mzee ana shida ya usikivu.

Unapokwenda kituoni, kaa mahali ambapo mzee anamwona daktari, na wewe uwe mkalimani wake, si msemaji badala yake. Maumivu ayaonyeshe kwa kidole mwilini, na ukali wake kwa vidole kimoja hadi vitano. Mwandikie kadi atembee nayo: "Mimi ni kiziwi. Tafadhali nitazame unapozungumza nami. Mpigie ndugu yangu namba hii."

Akipewa kifaa cha kusaidia kusikia, kikingwe na vumbi na maji, kifutwe kwa kitambaa kikavu, na betri izimwe usiku. Kukizoea huchukua wiki kadhaa, asikate tamaa siku ya kwanza.

Asibaki nyuma ya nyumba

Bao halihitaji masikio. Mnada, kupepeta uwele na kuchambua karanga pia havihitaji. Kwenye ngoma, mapigo huingia kwa miguu na kifuani, basi akae karibu na wapigaji. Kanisani au msikitini akae mbele. Taarifa ya habari kwenye televisheni aitazame pale penye mkalimani wa alama. Na akutanishwe na viziwi wenzake, hata mara moja kwa mwezi. Kuzungumza bila kujitahidi ni mapumziko makubwa.

Msaada unapatikana wapi

- Mtendaji wa mtaa au kijiji, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri: kitambulisho cha mzee na utaratibu wa matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea.
- Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA): lugha ya alama, wakalimani, na kukutana na viziwi wengine.
- Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa: ulizia kliniki ya masikio, pua na koo.
- Makazi ya wazee ya serikali, kama Sukamahela wilayani Manyoni: ni kwa asiye na wa kumtunza. Sera inaitaja familia kwanza, na kwa mzee kiziwi kuna sababu ya ziada: akihamishwa, anawaacha wote wanaozijua alama zake.

Leo jioni, anza na alama moja. Mwombe mzee akuonyeshe anavyoliita jina lako.