Herufi Isiyo na Nambari

Babu yangu aliandika barua zake zote kwa Kiswahili na khati ya Kiarabu. Akitaka kuandika "pesa" aliandika be, na msomaji akafahamu mwenyewe kuwa ni "p". Sisi tuliolelewa na barua kama hizo twaijua dhiki ya mtu ambaye sauti yake haina herufi. Ndiyo maana kisa cha wenyeji wa kaskazini ya Kanada kimenigusa.

Mwaka 1840, huko Norway House, mmishenari Mwingereza James Evans alianza kupiga chapa lugha ya Cree kwa herufi za silabi. Wacree wenyewe wana riwaya nyengine: kwamba mzee wao, Calling Badger, ndiye aliyefunuliwa herufi hizo. Kanuni yake ni nyepesi. Umbo ni konsonanti, na upande linakoelekea ndio irabu: ᐱ ikielekea juu husomwa "pi", ikielekea kulia ᐳ ni "po", kushoto ᐸ ni "pa", na chini ᐯ ni "pe". Watu walifunzana wao kwa wao, na baadaye khati hiyo ikafika mpaka kwa Wainuit.

Ilipokuja kompyuta mambo yakageuka. Kompyuta haijui herufi, yajua nambari tu. Herufi isiyopewa nambari ni kama haikuzaliwa. Watu wakatumia hila: fonti iliyochora silabi juu ya nambari za herufi za Kizungu. Barua ikifunguliwa mahali pasipo na fonti ile, msomaji aliona mchafuko wa a, b, c usio na maana.

Mwaka 1999, mwaka ule ule lilipoundwa jimbo la Nunavut, toleo la 3.0 la Unicode lilizipa herufi hizo nambari zake, jumla 630, zikikusanya lugha mbalimbali katika jedwali moja. Lakini jedwali lililopangwa kwa ajili ya wengi aghalabu humsahau mmoja. Wanattilik wa Gjoa Haven, Taloyoak na Kugaaruk walikuta baadhi ya sauti zao hazimo. Wazee na walimu wao walishirikiana na mtaalamu wa herufi, wakaeleza kila alama husomwaje, na mwaka 2021 zikaingizwa katika toleo la 14.0. Kwa zaidi ya miaka 20 hawakuweza kuiandika lugha yao sawasawa kwa kompyuta.

Na sisi je? Herufi پ, چ na ڤ twazikuta tayari katika kompyuta, kwa kuwa lugha nyengine zenye khati ya Kiarabu zilizihitaji. Tumeingia kwa mlango wa jirani. Lakini miswada yetu iliyopigwa picha bado ni picha. Kompyuta haiwezi kutafuta ndani yake jina wala neno mpaka picha hiyo igeuzwe kuwa maandishi. Na herufi mpya haipewi nambari bila ushahidi wa kutumika.

Basi mwenye barua za wazee sandukuni, akiona nukta au alama asiyoizoea, asiipuuze. Aipige picha, kisha amwulize aliye hai anayejua kuisoma, aandike jibu lake. Karatasi yaweza kungoja. Msomaji wake hangoji.