Nani Atakuja? Kengele ya Mwizi na Thamani Yake Katika Historia

Mtu akiuliza kama king'ora cha nyumbani kina faida, jibu la kwanza atalipata kwa muuzaji, na la pili kwa jirani aliyekosa usingizi kwa sababu king'ora cha mwenzake kilishtuliwa na paka. Majibu yote mawili yana ukweli, lakini hayatufikishi mbali. Katika insha hii nimelipeleka swali kwenye historia: kengele hii ilibuniwa ifanye kazi gani, na watu wasiokuwa nayo walifanyaje? Hoja yangu ni kwamba kengele yenyewe haimkamati mwizi. Kazi yake ni kuita. Kwa hiyo thamani yake imepanda na kushuka kufuatana na jambo moja, yaani ni nani anayewajibika kuitika. Nitaanzia Marekani, ilikozaliwa kengele ya umeme, halafu nitarudi kwetu, ambako wito wa namna hii ulikuwepo bila waya wowote.

Tarehe 21 Juni 1853, Augustus Russell Pope, mkazi wa Somerville karibu na Boston, alipewa hataza ya kengele ya mwizi inayotumia umeme. Ufundi wake ulikuwa rahisi. Milango na madirisha viliunganishwa kwa waya na betri. Mlango ukifunguliwa, mkondo wa umeme unakamilika, sumaku inavuta nyundo ndogo, na nyundo inagonga kengele. Mwaka 1857 Edwin Holmes aliinunua haki hiyo. Mwaka 1858 alianza kuuza mitambo Boston, na mwaka uliofuata akahamia New York kwa kuwa aliamini huko ndiko walikojaa wezi. Tukumbuke kwamba kituo cha Edison cha kuzalisha umeme katika mtaa wa Pearl, New York, kilifunguliwa mwaka 1882. Holmes alikuwa akiwauzia watu kengele ya umeme zaidi ya miaka 20 kabla hawajaweza kununua umeme wa taa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwatoa hofu.

Kinachonivutia zaidi katika habari hii ni mahali kengele ilipolia. Ililia chumbani. Ilimwita mtu mmoja tu, mwenye nyumba, aliyekuwa kitandani na nguo za kulalia. Akishaamka, lililobaki ni lake: apambane, apige kelele, au ajifungie. Waya ulikuwa umerefusha masikio yake mpaka mlangoni, lakini haukumletea mtu wa pili.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1871. Edward Calahan, fundi ambaye miaka minne kabla alikuwa amebuni mashine ya kuchapa bei za hisa, alikuwa na uhusiano wa kazi na kampuni ya Gold and Stock Telegraph. Mkuu wa kampuni hiyo aliingiliwa na mwizi nyumbani kwake. Wazo la kwanza la Calahan halikuwa polisi. Lilikuwa majirani: kuunganisha nyumba kwa nyumba ili mwenye shida awaamshe wenzake. Kisha akaona kwamba nyumba zote zinaweza kuunganishwa na kituo kimoja cha mtaa, ambako vijana wa kutumwa wanakaa tayari mchana na usiku. Kutokana na mpango huo zilizaliwa kampuni za telegrafu za mitaa zilizoungana mwaka 1874 na kuwa American District Telegraph, ambayo hadi leo inajulikana kwa herufi ADT.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana nadhani hapa ndipo historia yote ya king'ora ilipopinda. Ndani ya muda mfupi fundi mmoja alitoka kwa jirani akaenda kwa mtu anayelipwa. Jirani huja kwa sababu kesho zamu itakuwa yake. Kijana wa kituoni huja kwa sababu ada imelipwa. Toka siku hiyo, anayenunua kengele hanunui chombo. Ananunua ahadi ya mtu asiyemfahamu.

Kwetu chombo kilikuwa koo la mtu. Msamiati wa Kiswahili peke yake ni ushahidi wa kutosha: mtu hupiga yowe, hupiga ukunga, hupiga kamsa, hupiga mwano, na la mgambo likilia kuna jambo. Lugha isingejiwekea maneno mengi namna hii kwa kitu kisichotumika. Katika Luganda, lugha ya nyumbani kwetu, mtu hupiga enduulu, na ngoma iitwayo Gwanga mujje huwataka watu wote wakusanyike. Bibi yangu, mama yake mama, aliyekulia upande wa Masaka, hunieleza kwamba katika utoto wake enduulu haikuwa ombi. Mwanamume aliyeisikia na asitoke alitakiwa kesho yake ajieleze, na kama hana maelezo alihesabiwa kuwa mwenzake mwizi. Sauti ilikuwa ya mtu mmoja, lakini deni lilikuwa la kijiji kizima.

Mfano unaojulikana vizuri zaidi uko ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, silaha zilikuwa zimezagaa na wizi wa ng'ombe ulikuwa umeshamiri katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Polisi walikuwa wachache na mbali. Katika vijiji vya Kahama na jirani zake wanavijiji waliunda Sungusungu, wakashika pinde na mishale, na wakaufufua mwano: anayevamiwa hupiga, anayesikia hupiga pia huku akikimbia kuelekea kwenye sauti, mpaka njia za mwizi zizibwe kijiji baada ya kijiji. Hakuna kituo cha kupokea simu, kwa kuwa kila boma ni kituo. Serikali ya Tanzania iliwavumilia, ikawasifu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Wanafunzi wenzangu wengi, tulipojadili jambo hili darasani, walitaka tuishie hapo: wazee walikuwa na busara, tutupe ving'ora, turudi kwenye mwano. Mimi siungi mkono. Sungusungu hao hao waliwaandama wanawake walioshukiwa uchawi, na wako waliouawa. Hapa Uganda ripoti za polisi za kila mwaka zinahesabu kwa mamia watu wanaouawa na makundi yenye hasira, na mara nyingi kinachoanzisha ni neno moja tu: "Mwizi!" Yowe huleta watu wengi haraka, lakini haliwaletei ushahidi. Anayekuja amekuja na panga, hajui ni nani aliyepiga wala kwa nini, na kijana mgeni anayepita njiani kwa bahati mbaya anaweza asifike asubuhi. Mwenye kuisifu enduulu aitaje na hiyo.

Upande wa pili, kengele ya kulipiwa nayo ilikuwa na watu iliowaacha nje. Mwaka 1966 Marie Van Brittan Brown, muuguzi Mwafrika-Mmarekani wa Queens, New York, aliomba hataza ya mtambo alioubuni pamoja na mumewe Albert, fundi wa elektroniki. Kazi zao ziliwafanya wapishane, na mara nyingi usiku alikuwa peke yake. Polisi katika mtaa wao walichelewa kufika. Mtambo wake ulikuwa na kamera iliyopanda na kushuka kwenye matundu manne ya mlango, runinga ya chumbani, kipaza sauti cha kuzungumza na aliye nje, kitasa kinachofunguliwa kwa mbali, na kitufe cha kuita msaada. Hataza ilitolewa tarehe 2 Desemba 1969. Ukiusoma ufundi huo kwa makini, utaona umeundwa na mtu ambaye hategemei sana kuitikiwa. Karibu kila sehemu yake inamsaidia kujua mapema nani yuko mlangoni. Kitufe cha kuita ni sehemu moja tu kati ya nyingi. Kwa maoni yangu Bibi Brown aliielewa kengele kuliko waliomtangulia.

Wengine waliendelea kuongeza sauti. Ving'ora vilipokuwa rahisi, vilikuwa vingi. Vilipokuwa vingi, vilianza kulia ovyo. Katika miji ya Marekani zaidi ya miito 90 katika kila 100 iliyotoka kwenye ving'ora ilikuwa ya bure: mlango uliosahauliwa, mtoto, upepo. Mwaka 2000 mji wa Salt Lake City uliamua kwamba polisi hawatakwenda tena mpaka mtu athibitishe kwa macho kwamba kuna tukio, na kazi ya kwenda kwanza ikawaangukia walinzi wa kampuni. Hilo ndilo nililolisema mwanzoni kuhusu kupanda na kushuka. Chombo hakikubadilika, lakini anayewajibika alijitoa, na thamani ikaondoka naye.

Wataalamu waliopima faida yake hawakubaliani. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Rutgers katika mji wa Newark, kwa kumbukumbu za polisi za 2001 hadi 2005, uliona kwamba mitaa yenye ving'ora vingi iliibiwa kidogo zaidi, na wezi hawakuhamia tu kwa majirani. Watafiti wa Nottingham Trent nchini Uingereza, wakitumia takwimu za uhalifu za Uingereza na Wales, waliona kwamba kinga kubwa ilitokana na vitu vya bei ndogo vikitumika pamoja: kufuli za milango, kufuli za madirisha, taa za ndani na taa za nje. King'ora peke yake hakikuonyesha faida hiyo. Sioni mgongano mkubwa kati yao. Newark ni mji ambao wito una pa kwenda. Kufuli, kwa upande wake, haimwiti mtu, kwa hiyo haihitaji kuitikiwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, mtindo wa Tanzania wa balozi wa nyumba kumi uliingia Uganda kwa jina la mayumba kumi, na baada ya 1986 nafasi yake ikachukuliwa na mabaraza ambayo leo tunayaita LC. Huo ulikuwa uitikiaji ulioandikwa kwenye daftari. Lakini Kampala imekua kwa kuta. Mwenye uwezo ana ukuta, seng'enge ya umeme, askari mwenye bunduki na kitufe cha dharura. Baada ya Andrew Felix Kaweesi, ofisa mkubwa wa polisi, kuuawa kwa risasi Machi 2017, serikali nayo ilielekea kwenye kamera za barabarani. Kisha, kati ya Julai na Septemba 2021, watu wenye mapanga walivamia nyumba usiku katika vijiji vya upande wa Masaka, wakaua zaidi ya watu 20. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi walikuwa wakiishi peke yao.

Bibi yangu alikuwa na miaka 78 na aliishi peke yake. Mjomba, anayefanya kazi Kampala, alitaka kumwekea king'ora kinachotuma ujumbe kwenye simu yake. Mimi nilikuwa upande wa mjomba. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mwanangu, kikilia, nani atakuja?" Mjomba akasema atakuja yeye. Kutoka Kampala ni kilomita 130 hivi. Bibi hakusema neno. Aliendelea kumenya matoke.

Nyumbani kwa mjomba king'ora kama hicho kipo, na ninakubali kina thamani, kwa kuwa walinzi wa kampuni anayoilipa wapo umbali wa dakika kumi na wameshawahi kuja. Chombo ni kile kile. Kijijini umeme hukatika, askari wa kituo cha karibu hutafuta pikipiki ya kukodi, na kampuni haipo. Fedha zilizokuwa za king'ora zilinunua mlango wa mbao ngumu wenye komeo mbili, taa ya sola ya nje, na filimbi sita. Filimbi moja alibaki nayo bibi, tano zikaenda nyumba tano zinazomzunguka. Mwenyekiti wa LC aliwaita wote wakapatana nani hutoka kwanza, nani hubaki na watoto, na kwamba atakayekamatwa afungwe kamba asiguswe mpaka mwenyekiti afike. Sharti hilo la mwisho lilizua ubishi wa saa nzima, na ni bibi aliyeling'ang'ania.