Kupanga somo la kusoma linalomfikia kila mwanafunzi

Msikilizaji, ingia darasa la pili katika shule nyingi za vijijini wilayani Kilosa. Utakuta mtoto anayesoma hadithi nzima bila kukwama. Jirani yake anasoma maneno mafupi tu, na nyuma yao yupo ambaye bado anachanganya b na d. Wote wanatazama ubao mmoja na kufundishwa somo moja. Makala hii inaeleza jinsi mwalimu anavyoweza kupanga somo ili kila mmoja wao apate chake, na mzazi anavyoweza kusaidia.

Kwa nini ni muhimu?

Mtoto asiyejua kusoma hukwama hata kwenye hesabu na sayansi, kwa sababu hawezi kusoma swali. Akifika kwenye upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, amekwisha kuachwa mbali. Wapo wanaoona aibu, wakaanza utoro, na mwishowe wakaacha shule.

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipangwa upya ili watoto wajikite katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 2016 elimu bila ada ilileta watoto wengi zaidi shuleni, na madarasa yakajaa. Mwaka huo huo mradi wa Tusome Pamoja ulianza kusaidia ufundishaji wa kusoma katika mikoa kadhaa, Morogoro ukiwemo. Hata hivyo, kazi kubwa inabaki kwa mwalimu aliyesimama mbele ya watoto 80.

Kwa nini watoto hutofautiana?

Si kwamba wengine ni wavivu. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, na watoto wengi huko wamekua wakisikia Kiswahili kila siku. Katika vijiji vingine vya wilaya, mtoto huanza shule akizungumza zaidi Kisagara, Kikaguru, Kividunda au Kimaasai. Wengine hawakupita darasa la awali. Wapo wanaohama na wazazi kufuata malisho. Wakati wa masika njia hukatika. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalihamisha familia nyingi. Tena wapo wasioona au wasiosikia vizuri, na hakuna aliyegundua.

Kwanza, jua kila mtoto yuko wapi

Uwezo, waliofanya upimaji wao wa kwanza nchini mwaka 2010, walitumia ngazi rahisi: silabi, maneno, aya, kisha hadithi. Walikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili.

Mwalimu anaweza kutumia ngazi hizo hizo. Mwite mtoto mmoja mmoja, mpe asome kwa dakika mbili, uandike ngazi yake daftarini. Ukipima watoto 10 kwa siku, darasa la watoto 80 linakamilika kwa siku 8. Anayesogeza kitabu karibu sana na macho, au asiyegeuka anapoitwa, mkalishe mbele na uwashauri wazazi wampeleke kituo cha afya.

Pili, panga makundi na muda

Gawa darasa kwa ngazi, lakini usiite kundi lolote "wazito". Yaite Twiga, Tembo na Pundamilia. Kipindi cha dakika 30 kinaweza kwenda hivi:

- Dakika 5: darasa zima linarudia sauti au silabi ya siku, kwa mfano *mba, mbe, mbi*.
- Dakika 5: mwalimu anasoma hadithi fupi kwa sauti na kuuliza maswali mawili.
- Dakika 15: kazi za makundi. Kundi la silabi linaunganisha kadi zilizokatwa kwenye maboksi. Kundi la maneno linasoma wawili wawili. Kundi la hadithi linasoma na kuandika sentensi tatu. Mwalimu anakaa na kundi moja, na kesho anakaa na jingine. Kundi la chini lipate zamu nyingi zaidi.
- Dakika 5: mtoto mmoja kutoka kila kundi anasoma alichojifunza.

Pima tena kila baada ya wiki tatu au nne, na aliyepanda ahamishwe. Mtoto akiachwa kundi moja mwaka mzima, makundi yamekosa maana.

Matamshi na maana

Mtoto akisoma "kalamu" akatamka "karamu", usikimbilie kusema amekosea. Mwambie aonyeshe kitu chenyewe. Akiinua kalamu, amesoma. Matamshi utamrekebisha taratibu, bila wenzake kumcheka. Kwa mtoto mgeni wa Kiswahili, anza na vitu anavyovijua: ndama, maziwa, jembe. Ajue neno kwa masikio kabla ya kulisoma. Yupo pia anayetamka kila neno vizuri bila kuelewa chochote. Huyo naye bado anahitaji msaada, kwa hiyo muulize hadithi inasema nini.

Mzazi afanye nini?

Dakika tano kila jioni zinatosha. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mtoto, "Nisomee, halafu unisimulie." Kama hakuna kitabu, tumieni maandishi ya kanga, mfuko wa mbegu au tangazo la mkutano wa kijiji. Mtoto aliyepitwa na umri wa kuandikishwa asikae tu nyumbani. Muulize mwalimu mkuu kuhusu MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa.

Wazazi wengi wakifika shuleni huuliza mtoto amekuwa wa ngapi. Tunashauri uulize hivi: "Mwalimu, mwanangu yuko ngazi gani ya kusoma, na mwezi huu tumsaidie nini ili apande?" Mwalimu aliyepima darasa lake atafungua daftari na kukujibu. Kama wanaokwama ni wengi, lipelekeni jambo hilo kwenye kamati ya shule mapema, kabla watoto hawajafika darasa la nne.