Modemu, simu na mwenye waya

Leo tuzungumzie kelele. Ile ya modemu: milio, mikwaruzo, kisha kimya, ndipo intaneti inapatikana. Wengi huikumbuka kama kero ya enzi za intaneti ya simu. Mimi naona imebeba habari ya siasa, tena nzito.

Tuanze na ufundi. Waya wa simu uliwekwa kwa ajili ya maongezi. Simu hupitisha sauti zenye mitetemo kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, basi. Kompyuta nayo haijui kuongea. Inajua sifuri na moja tu. Modemu ikawa mkalimani. Bell 103, iliyotolewa na AT&T ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitoa mlio wa mitetemo 1,270 kwa moja na 1,070 kwa sifuri. Modemu iliyopigiwa ilijibu kwa milio ya juu zaidi, 2,225 na 2,025, hivyo zote mbili ziliongea kwa wakati mmoja bila kuingiliana. Kasi ilikuwa biti 300 kwa sekunde, yaani herufi kama 30. Makala hii ingechukua zaidi ya dakika moja kufika.

Lakini ufundi haukuwa kikwazo pekee. AT&T ilimiliki sehemu kubwa ya simu za Marekani, na ilikataza mteja kuunganisha kifaa cha mtu mwingine kwenye waya wake. Watu wakabuni ujanja: unapiga namba kwa kidole, kisha unaulaza mkonga wa simu juu ya vikombe viwili vya mpira. Modemu inalia upande wa mdomo na kusikiliza upande wa sikio. Waya haujaguswa. Ila kelele za chumbani nazo ziliweza kupenya na kuharibu data.

Aliyevunja ukuta huo hakuwa mtu wa kompyuta. Thomas Carter wa Texas aliuza Carterfone, kifaa cha kuunganisha simu na redio za mawasiliano, zile za kubonyeza ndipo uongee. AT&T ilidai vifaa vya namna hiyo vingedhuru mtandao. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwamba kifaa kisichodhuru mtandao kiruhusiwe. Masharti yaliyobaki yalilegezwa miaka ya 1970. Mwaka 1981 ikaja Hayes Smartmodem, iliyochomekwa moja kwa moja kwenye laini, kompyuta ikipiga simu yenyewe. Kufikia 1998, kiwango cha V.90 kiliruhusu kupokea hadi biti 56,000 kwa sekunde.

Waya unaoingia nyumbani ulikuwa uleule wa maongezi. Kilichobadilika ni ufundi wa modemu, na nani anaruhusiwa kuugusa waya.

Kwa hiyo mkisikia kampuni yoyote ikikataza kifaa kwa kisingizio cha usalama wa mtandao, ulizeni kwanza swali la 1968: kinadhuru nini hasa?