Betri kuukuu na bodi za simu: mkinge mtoto na sumu ya risasi

Betri ya gari iliyokufa bado ina thamani, kwani ndani yake mna madini ya risasi yanayoyeyushwa na kuuzwa tena. Bodi za redio, simu na kompyuta nazo zina shaba na dhahabu kidogo, na mara nyingi zimelehemiwa kwa risasi. Kwa familia nyingi kazi hii ni riziki. Lakini risasi ni sumu, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba iliyo tumboni.

Inamfikiaje mtoto?

Vumbi la risasi halina harufu. Baba au kaka huja nalo nyumbani kwenye nguo, nywele na viatu. Mtoto anatambaa sakafuni, kisha anatia vidole mdomoni. Mwili wake hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Kwa mama mjamzito, risasi iliyojificha mifupani hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Dalili ni zipi?

Mara nyingi mwanzoni hakuna dalili. Baadaye mtoto anaweza kuumwa tumbo, kufunga choo, kukosa hamu ya kula, kupungukiwa damu au kuwa mzito wa kujifunza. Sumu ikizidi, hupata degedege.

Dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine. Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mtoto wa Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo, aliugua, na ni kipimo cha damu kilichoonyesha kuwa ni risasi. Mama huyo alipigania haki ya wakazi wa Owino Uhuru, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Ufanye nini nyumbani?

- Betri zisipasuliwe, wala bodi na nyaya zisichomwe, nyumbani au karibu na watoto.
- Anayefanya kazi hii aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake.
- Piga deki kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hutimua vumbi.
- Nawisha mtoto mikono kwa sabuni kabla ya kula na kulala.
- Usipikie sufuria iliyoyeyushiwa madini, hata ukiisugua.
- Mpe vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu: maharage, dagaa, mboga za majani, maziwa. Mtoto aliyepungukiwa madini haya hufyonza risasi zaidi.
- Ukiwa mjamzito, usile udongo.

Uende kituo cha afya lini?

Ikiwa kazi hii inafanyika kwako au jirani, usisubiri dalili. Mweleze mhudumu wazi: "Nyumbani kwetu tunavunja betri." Uliza ni wapi damu inaweza kupimwa risasi. Usiache kunyonyesha kabla ya kushauriwa. Mtoto akipata degedege au akilegea na kusinzia isivyo kawaida, mkimbize hospitali mara moja.

Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Dawa zipo kwa aliyeathirika sana, lakini ubongo ulioumia huenda usirudi ulivyokuwa. Ndiyo maana tiba ya kwanza ni kuitoa kazi hii nyumbani.