Programu huria: maagizo ya CFLAGS na LDFLAGS yasitupwe
Debian ni mfumo huria wa ordinatere. Kabla programu ifikie watu, kompaila inageuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine, linka inaunganisha vipande. Debian inawapa maagizo: CFLAGS kwa kompaila, LDFLAGS kwa linka. Kwa mfano, -fstack-protector-strong inasimamisha programu pale data imefurika na kuharibu kumbukumbu, juu mwizi asipitie humo.

Shida iko wapi? Faili Makefile ikiandikwa CFLAGS = -O2, agizo la Debian linafutika kimya. Programu inatembea vizuri, kumbe haina kinga. Anayeumia ni mwenye kuitumia. Dawa njo hii: andika CFLAGS ?= -O2, na usisahau $(LDFLAGS) kwenye mstari wa kuunganisha.